Nafasi ya Impundu

Iko siku moja kule Kibimba, wilayani Ngara, ambayo hainitoki kichwani, mwanangu. Kila ninapomwona kijana anachomeka waya wa mikisa ya zamani kwenye kompyuta mpya, akawasha, akaanza kurekodi bila kupima chochote, siku ile inanirudia yote, na mkono wangu unasogea wenyewe kutaka kumshika bega. Huwa najizuia. Vijana wa siku hizi ukiwashika bega bila sababu wanadhani unataka kukopa. Kwa hiyo nimeamua kuandika, maana maandishi hayamkatizi mtu kazi yake, na akichoka anaweza kuyafunika bila kuniaga.

Wakati huo nilikuwa kijana, mzaliwa wa Nyabusozi, nikifanya kazi Biharamulo mjini katika duka la Mzee Salumu. Babu zake walitoka pwani na biashara zao, yeye akazaliwa hapo hapo Biharamulo. Muislamu safi, na bado kwaya zote za makanisa ya jirani zilikuja kurekodi kwake, kwa sababu hakuwahi kumharakisha mtu anayeimba. Yeye ndiye aliyeniweka mbele ya mikisa. Kama hujawahi kuiona ile ya zamani, ni meza ya chuma yenye vitufe vingi. Inapokea sauti kutoka kwenye maiki, unaipima, kisha inaipeleka kwenye mashine ya kurekodia, enzi zile ya kanda. Kwa juu ina dirisha dogo la kioo na ndani yake mshale. Mshale ukilala, sauti ni ndogo. Ukifika kwenye sufuri, sauti iko mahali pake. Ukivuka sufuri, unaingia eneo jekundu.

Mzee Salumu alinifundisha kulipenda eneo jekundu, na kwa kanda alikuwa sahihi kabisa. Kanda ina mvumo wake, shiii, kama mvua inayokuja kwa mbali juu ya migomba. Ukirekodi sauti ndogo, mvumo ule unaifunika. "Sukuma, Fausti," alikuwa ananiambia, "usiogope nyekundu. Kanda inavutika." Na kweli ilikuwa inavutika. Ukizidisha, inaiminya sauti kidogo kidogo, inainenepesha, na watu wakisikia wanasema duka lile lina sauti nzito. Nilisukuma kwa miaka, nikasifiwa kwa miaka, na sifa nikazizoea.

Kisha tukapata rekoda ya kidijitali. Niliinunua mimi mwenyewe kwa niaba ya duka, kutoka kwa bwana mmoja aliyekuwa anahama. Mwanangu, katika kupunguza bei sina mpinzani kuanzia Lusahunga mpaka Rusumo. Nilimbana yule bwana hadi akaniuliza mama yake alinikosea nini. Mwisho akakubali, akanikabidhi rekoda, waya wa umeme, na mkoba wake. Kitabu cha maelekezo akakitia kwapani. "Hiki," akasema, "hakimo katika bei hiyo." Nikaondoka nikicheka. Nilihesabu waya mara mbili, nikahesabu matundu ya kuchomekea mara mbili, na nilichoacha ndicho nilichokuja kukihitaji.

Kuiendesha hiyo rekoda tulimleta Shija, kijana wa Kisukuma kutoka Nyantakara, aliyekuwa amejifunzia kompyuta Mwanza. Mimi nikabaki na mikisa yangu, yeye na rekoda yake, waya mmoja katikati. Tulielewana vizuri kwa sababu hatukuwa tukizungumza habari za kazi. Kwaya zinaimba kwa kiwango kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, hivyo kasoro zetu zilikuwa ndogo, na zile ndogo kila mmoja alimtwika mwenzake kimoyomoyo.

Ndipo akaja Editha.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Kibimba, mpole wa sura lakini macho hayalali. Baba yake, Mzee Bukuru, alikuwa mpiga inanga. Wewe wa mjini nikuambie: inanga ni kipande cha mti kilichochongwa kama sinia refu, kikavutwa nyuzi juu yake. Mpigaji anakaa nayo mapajani, na haimbi kwa kupaza sauti. Ananong'ona. Nyuzi ndizo zinazoubeba mnong'ono, hadi wewe unayesikiliza unadhani ni ule mti unaosema maneno. Katika ukoo wao baba humsindikiza bintiye anayeolewa kwa wimbo wa namna hiyo. Anamwelekeza njia, anamtajia vilima na maji atakayovuka, kisha anamwita kwa jina lake. Jina likishatamkwa, wanawake wa ukoo wanajibu kwa impundu, vile vigelegele vya kwetu ambavyo ukiwa karibu masikio yanaziba.

Editha alikuwa anaolewa baada ya mavuno. Tatizo ni kwamba baba yake alikuwa na uvimbe kooni. Daktari alisema apasuliwe upesi, na akasema wazi kwamba sauti inaweza isirudi. Mzee akagoma. Alisema kwanza amsindikize binti yake, halafu waganga wamfanye watakavyo. Daktari akasema hadi mavuno ni mbali, uvimbe hautamngoja. Editha akamlilia baba yake, shangazi akamlilia, mchungaji akaja akaondoka. Mwisho mzee akatoa sharti moja: wimbo urekodiwe. Sauti yake ikinaswa sawasawa, atakwenda hospitali. Isiponaswa, atabaki nayo mpaka arusi.

"Sasa umeelewa ninachoomba?" Editha aliniuliza.

Nilielewa. Nikajaribu hata hivyo kumwambia waje wao Biharamulo, kwamba vyombo ni vizito, barabara ina vumbi.

"Baba yangu naye ni mzito kidogo," akasema, "na hana mkoba wa kumbebea."

Nikakubali. Ni mara chache nimeshindwa mapatano kwa upesi namna ile.

Tulifika Kibimba asubuhi, jua bado halijapanda. Mzee Bukuru alikuwa amekaa barazani, shuka shingoni, mwembamba, mikono mikubwa. "Shikamoo mzee," tukasema. "Marahaba," akajibu kwa sauti iliyopita mahali penye mikwaruzo. Dada yake, Shangazi Yoranda, akatupokea kwa uji na maswali. Mimi aliniita Fausitini, akinigawia silabi ambazo sikuzaliwa nazo. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake, shangazi na mama wadogo na wake za kaka, kila mmoja na kazi mkononi na sikio kwetu.

Jenereta tukaipeleka mbali migombani ili isisikike. Sebuleni tukaweka maiki mbele ya inanga, mikisa mezani kwangu, rekoda kwenye stuli ya Shija, nayo badala ya mshale ina safu ya taa ndogo za kupimia sauti, za kijani, za njano, na nyekundu moja juu kabisa. Mzee akajaribu nyuzi, akakohoa. Akaniambia kwa upole, "Koo langu siku hizi linanihesabia. Nadhani linaweza kunipa wimbo huu mara moja, labda na nyingine. Msinichezee."

Akaanza.

Mwanangu, sijui kama nitapata maneno. Mnong'ono ule ulikuwa kama mtu anakwambia siri na mlango unaitikia. Ila mshale wangu ulikuwa umelala. Haukutikisika. Na mimi nilivyofundishwa, mshale uliolala ni sauti itakayomezwa na mvumo. Nikasukuma. Ukanyanyuka kidogo. Nikasukuma tena mpaka ukasimama kwenye sufuri, ukichungulia nyekundu. Nikaridhika.

Shija akaniegemea. "Punguza," akanong'ona. "Taa zangu za njano zimeshawaka zote."

"Niko sufuri."

"Nakuambia punguza."

"Na mimi nakuambia niko sufuri. Nyekundu hata sijaigusa. Rekebisha huko kwako."

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa kwa lugha asiyoijua, akarudi kwenye stuli yake. Yeye alidhani najua ninachofanya, mimi nilidhani yeye hajui anachofanya, na wimbo ukaendelea kupita katikati yetu kwenye ule waya mmoja.

Mzee akafika kwenye jina. "Editha," akanong'ona, na nyuzi zikasema Editha. Wanawake, ambao walikuwa wameweka kazi zao chini bila mtu kuwaambia, wakaachia impundu kwa pamoja. Nyumba ililia. Mshale wangu ukaanza kunyanyuka kwa ustaarabu wake, na kabla haujafika popote, impundu ya kwanza ilikuwa imeshapita. Taa nyekundu ya Shija ikawaka, ikakaa.

Tukarudisha, tukasikiliza. Mnong'ono ulikuwa umetoka vizuri, mtamu kuliko kanda yoyote niliyowahi kuirekodi, hauna mvumo hata chembe. Halafu likaja jina, na pale pale pakapasuka. Haikuwa impundu tena. Ilikuwa mlio wa bati linalong'olewa misumari kwenye paa. Mzee akaomba hedifoni, akazivaa juu ya kofia yake, akasikiliza mpaka mwisho. Akazivua, akaziweka juu ya inanga.

"Jina la binti yangu liko wapi?" akauliza.

Editha alisimama mlangoni, akashika kizingiti.

Hapo mimi na Shija tukafanya kile ambacho wanaume wawili hufanya kazi ikiharibika. Nikasema rekoda yake mbovu. Akasema masikio yangu mabovu. Nikasema mikisa yangu imerekodi kwaya nyingi kabla yeye hajajua kuvaa viatu. Akasema ndiyo maana zote zinasikika kama zimeimbwa ndani ya pipa. Kisha akapata wazo, akamgeukia Shangazi Yoranda kwa adabu zote.

"Shangazi, safari hii mkinyamaza kidogo, itatoka vizuri."

"Tunyamaze?" Shangazi akashika kiuno. "Anaitwa mtoto wetu anayeolewa, sisi tunyamaze? Kwenu Nyantakara mnafanya hivyo?"

"Ni kwa ajili ya mashine tu, shangazi."

"Basi mwozesheni mashine."

Wanawake wakacheka, lakini mzee hakucheka. Alisema taratibu, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Nikimwita binti yangu na nyumba ikanyamaza, hiyo ni habari ya msiba. Sitaiacha nyuma yangu." Kisha akatuonyesha mkeka. "Kaeni chini nyote wawili. Wewe wa mshale. Kila saa unasema sufuri, sufuri. Sufuri yako ni nini?"

Nikamweleza. Nikasema sufuri yangu ni mahali kazi inapokaa vizuri. Juu yake bado kuna nafasi kubwa, mtu anaweza kupiga kelele akapanda, na mikisa ikamvumilia.

"Na wewe wa taa. Sufuri yako?"

"Yangu ni paa, mzee," akasema Shija. "Namba zinaanzia chini zinapanda kuja sufuri. Ikifika hapo zimekwisha. Kinachozidi hakiingii, kinakatwa kichwa."

Mzee akatutazama kwa zamu. "Mmefanya kazi pamoja tangu lini?"

"Tangu mwaka jana," nikasema.

"Mwaka mzima mmekaa kwenye waya mmoja. Huyu anaiita katikati ya sebule, huyu anaiita paa. Na hamjawahi kuulizana." Akakohoa, akangoja kikohozi kipite. "Mngekuwa mmeoana ningewahurumia."

Nimewahi kukaripiwa na watu wenye sauti kubwa, mwanangu, maaskari wa barabarani, wakaguzi wa soko, na mama yangu mzazi. Hakuna aliyenipata kama yule mzee asiye na sauti. Na papo hapo ikanijia kwa lugha yangu mwenyewe. Mimi ni mtu wa kupatana bei. Nikienda kununua, siingii dukani nikitaja bei yangu ya mwisho. Naanzia chini, naacha nafasi ya kupanda, kwa sababu muuzaji lazima atanisukuma tu. Sufuri ya Shija ilikuwa bei ya mwisho. Na mimi nilikuwa naupeleka mnong'ono wa mzee dukani ukiwa umeshataja bei ya mwisho, halafu impundu zikaja kudai nyongeza. Pesa imekwisha, paa limefika, jina la Editha likabaki nje.

"Geuza rekoda," nikamwambia Shija.

Tukaigeuza. Nyuma kulikuwa na swichi ndogo yenye pande mbili, ambayo tulikuwa tumeiona tangu siku ya kwanza tukaiheshimu kwa kutoigusa. Upande mmoja ulikuwa kwa vyombo vya nyumbani, redio na deki za sebuleni, vinavyotoa sauti ndogo. Upande wa pili kwa vyombo vya kazi kama mikisa yetu, vinavyotoa sauti kubwa. Yule bwana aliyetuuzia aliitumia nyumbani kwake, na swichi ilikuwa bado nyumbani kwake. Maana yake rekoda ilikuwa inatarajia kunong'onezwa, na mimi nikaipigia kelele hata kabla sijasukuma. Kitabu kilichobaki kwapani mwa mwenyewe bila shaka kiliyasema hayo ukurasa wa kwanza. Shija akaisogeza swichi kwa ukucha.

Hiyo ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili tukaitafuta kwa kuulizana, maneno mageni kinywani mwetu. Mikisa yangu ilikuwa na kitufe cha kutoa mlio mmoja usiobadilika, piiii, ambao Mzee Salumu alikuwa akiutumia kumwamshia fundi aliyelala. Nikautoa. Nikauweka mshale wangu sufuri kamili, ukatulia kama umepigwa msumari.

"Sasa kwako ni ngapi?"

"Desibeli sita chini ya paa."

"Si nafasi hiyo?"

"Nafasi ya nini? Hao wakina mama ukiwaachia sita, watang'oa paa na kuta. Mwalimu wangu alikuwa anaweka kumi na nane."

"Kumi na nane!" Nikaona ni wizi. "Weka kumi."

"Kumi na nane."

"Kumi na mbili tumalizane."

"Fausti, hii si khanga."

"Mshale wangu sufuri, taa zako zitakuwa hazijafika hata nusu. Sauti itakuwa ndogo. Mvumo utaimeza."

"Mvumo upi?" akasema Shija, na safari hii hakunicheka. "Ulisikiliza mwenyewe. Umesikia mvumo?"

Sikuwa nimeusikia. Nilikuwa nimetumia ujana wangu kumkimbia nyoka aliyebaki kwenye nyumba nyingine. Nikamwachia Shija. Akazungusha kitufe cha kupokelea sauti polepole mpaka mlio wangu wa sufuri ukakaa kwenye kumi na nane yake. Nikamwambia arudie kupima. Akarudia. Nikapima mimi. Basi, tukawa na mahali pamoja ambapo wote wawili tunapaita jina moja.

Lakini nilikuwa siamini bado. Mlio wa mashine si impundu. Nilitaka kusikia kile kikubwa kabisa kabla ya kumwomba mzee atumie koo lake la mwisho. Nikamwendea Shangazi Yoranda.

"Shangazi, naomba mpige impundu sasa hivi, tujaribu."

"Za nini?"

"Za kujaribu."

"Fausitini, impundu hazijaribiwi. Hizi si breki za baiskeli. Tupe furaha, tukupe impundu."

Nikaona hapa ndipo penye fani yangu. "Si Editha anaolewa?"

"Hiyo tumeshaipigia."

"Mahari imekubaliwa."

"Hiyo pia. Mpaka jirani walikuja."

"Mvua imenyesha vizuri mwaka huu."

"Wewe unalima wapi?"

Wakacheka hadi wengine wakashika kuta, na katika kucheka hakukutoka impundu hata moja. Nilijaribu kumwahidi sukari, akaniuliza kama nadhani wanawake wa Kibimba ni kuku wa kuitwa kwa nafaka. Basi nikaacha ujanja. Nikamwambia ukweli kwa sauti ndogo: "Shangazi, nikikosea tena, kaka yako haendi hospitali. Mashine hii siijui kama nilivyodhani. Nataka kuiona ikibeba sauti zenu kabla sijamwomba aimbe. Sina furaha ya kukupa. Nina hofu tu."

Kicheko kikakatika. Nikaona machozi yanamjaa, na nikajua nimeharibu: mwanamke hapigi impundu akiwa hivyo. Nikasikia jenereta kule migombani.

Mzee Bukuru ndiye aliyesema. Alikuwa ametuangalia muda wote, mkono juu ya nyuzi.

"Nitakwenda," akasema.

Editha akageuka. "Baba?"

"Hospitali. Nitakwenda. Wakinasa, wasiponasa, nitakwenda." Akavuta pumzi. "Nimewaona hawa wawili wanavyotafuta. Mtu akitafutwa namna hii, akigoma tena ni utoto."

Mwanangu, impundu zilizotoka pale sijazisikia tena kokote. Hazikuombwa wala hazikuanza pamoja. Shangazi Yoranda alitoa ya kwanza machozi yakiwa bado shavuni, na nyingine zikamfuata zikipandiana. Masikio yangu yaliziba. Nilikuwa karibu kusahau kilichonileta. Nikatazama mshale: ulikuwa umelala kule mwisho kabisa wa nyekundu, umekata tamaa. Nikatazama kwa Shija. Taa za kijani, juu yake za njano, zinaruka, zinaruka, na ile nyekundu imezima. Shija aliinua vidole viwili akanionyesha nafasi iliyobaki kati ya impundu na paa. Ndogo, lakini ilikuwepo.

Mzee akanywa maji ya moto, akaimba. Safari hii mshale wangu uliponyanyuka kidogo tu na kubaki chini, niliweka mikono yangu magotini nikaiacha huko. Haikuwa rahisi. Akamwelekeza binti yake njia, vilima kwa majina yake, mto Ruvuvu na mahali pa kuvukia, akamwita, na nyumba ikamjibu. Tulipomaliza akavaa tena hedifoni. Tulimtazama usoni, sote, kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Alifumba macho. Ilipofika pale, akainua kidole kimoja.

"Lipo," akasema.

Wiki hiyo hiyo wakampeleka. Alipona, akarudi Kibimba na kovu shingoni. Sauti haikurudi. Kilichobaki kilikuwa pumzi tu, na inanga haiwezi kuibeba pumzi isiyo na maneno.

Siku ya arusi tulikwenda, mimi na Shija, na spika mbili. Ule mnong'ono tulikuwa tumeupandisha baadaye, taratibu, kwa sababu kilichorekodiwa chini kidogo kwenye dijitali unaweza kukipandisha, hakikudai chochote. Mzee alikaa mbele ya watu, inanga mapajani, mikono juu ya nyuzi bila kuzipiga. Wimbo ukaanza kutoka kwenye spika. Wageni waliokuwa wanazungumza wakanyamaza mmoja mmoja. Ilipofika kwenye jina, niliona midomo yake inalitamka. Zikatoka impundu za kwenye rekodi, na zikapokewa na impundu za uani, hata sikuweza kuzitenganisha. Editha akapiga magoti. Hakupiga magoti mbele ya spika, ambako sauti ilikuwa inatoka. Alipiga magoti mbele ya baba yake, akaweka kichwa chake kwenye ile mikono mikubwa. Mimi na Shija tukajifanya tunashughulika na waya.

Sasa nikuambie ninachotaka ukishike, mwanangu, maana nimezunguka sana na uji wako utapoa.

Usiunganishe mashine mbili kabla hujajua paa la kila moja liko wapi. Sufuri ya mshale si sufuri ya taa. Ya mshale ina uwanja juu yake, ya taa haina hata unyasi. Angalia swichi ya nyuma, kama chombo kimewekwa kwa mambo ya nyumbani au ya kazi, na iangalie tena hata kama uliiangalia jana, kwa sababu kuna watu wanafuta vumbi. Toa mlio mmoja kwenye mikisa, uweke sufuri, kisha ukubaliane na mwenzako uketi wapi upande wake. Sisi tuliuweka kumi na nane chini ya paa na hatujajuta. Wapo wanaoweka ishirini, usigombane nao. Wengine wakikuambia kumi na nane ni nyingi, waulize kama wamewahi kusikia impundu. Na unapojaribu, usijaribu kwa mtu anayesema moja mbili, moja mbili. Jaribu kwa kile kikubwa kitakachokuja, kwa sababu kitakuja. Mshale usiuamini peke yake, ni mpole mno, unafika mambo yakiwa yamekwisha. Wala usidhani utarekebisha kesho kilichokatwa kichwa leo. Hapo hakuna cha kurekebisha, hakimo.

Na hili la pili halina waya. Utafanya kazi na watu, utaoa au utaolewa, utakaa kwenye vikao. Wengi watatumia maneno yale yale unayoyatumia wewe. Usiridhike kwa hilo. Kaa naye chini mapema, kabla koo la mtu halijaingia hatarini, umwulize: hili unaloliita la kawaida, kwako liko wapi? Ukichoka, paa lako ni lipi? Naye umwambie lako. Halafu muachiane nafasi, kubwa kuliko mnayodhani inatosha, ili furaha ikija na kelele zake zote ikute mahali pa kuingia. Mimi niliambiwa hayo na mtu ambaye kila neno lilikuwa linamuumiza, kwa hiyo sina sababu ya kukuficha mimi ambaye hakuna kinachoniuma isipokuwa goti.

Nenda salama katika kazi yako. Mungu akupe sikio linalosikia cha chini, na mwenzako wa kukuambia ukweli kwenye upande wa pili wa waya. Akujalie kuitwa kwa jina lako na wanaokupenda, na lisikike lote. Amina.